Bega la kushoto halipandi: ni baridi, gauti, au nimepooza?

*"Habari daktari. Mimi ni mama wa miaka 53, fundi cherehani hapa Moshi. Nina kisukari, huu mwaka wa saba, natumia metfomini. Tangu mwezi wa tano bega la kushoto linaniuma. Lilianza kidogo kidogo tu, sikuanguka wala sikubeba kitu kizito. Usiku ndiyo shida, nikiligeukia naamka. Siku hizi maumivu ya mchana yamepungua kidogo lakini mkono wenyewe haupandi: sifikii henga za juu dukani, siwezi kufunga sidiria, hata kilemba ananifunga binti yangu. Duka la dawa walinichoma diklofenaki mara tatu, nikapata nafuu ya siku mbili. Jirani akasema ni baridi ya mwezi wa saba. Mwingine akasema gauti, niache nyama na maharage. Nikapelekwa kwa mama mmoja anayechua, akauvuta mkono kwa nguvu hadi nikalia, wiki ile yote sikulala. Nikaamua kuufunga na kanga usitembee. Mama mkwe anahofia napooza upande. Sasa na kiwiko cha kulia kimeanza kuuma nikinyanyua pasi ya mkaa. Nimeshauriwa nipige picha ya MRI, na nasikia kuna sindano ya ndani ya bega ila wanasema inayeyusha mfupa. Msimu wa sare za shule ndio unakuja, mwezi wa kwanza. Nifanye nini? Nifunge cherehani?"*

Shikamoo mama yangu. Pole sana kwa miezi yote hii ya kulala upande mmoja. Umeniita daktari, mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, nafanya kazi Arusha, na mabega kama lako hayapiti wiki mbili sijayaona. Wengi wanaokuja nayo ni wa umri wako, wengi wana kisukari, na karibu wote wamepita njia uliyopita wewe: sindano za dukani, maneno ya majirani, kuvutwa, kisha kufungwa kanga. Kwa barua siwezi kukupima. Ila umeeleza vizuri sana, na naweza kukuambia ninachokiona, namna ya kukihakiki ukiwa nyumbani, na mlango wa kugonga baada ya hapo.

Naamini bega lako limeganda. Ndivyo ugonjwa wenyewe unavyoitwa, bega lililoganda. Jina hilo alilitumia daktari wa upasuaji wa Marekani, Ernest Codman, mwaka 1934, na limeshika hadi leo. Kilichonihuzunisha zaidi katika barua yako ni hayo mambo mawili uliyofanyiwa moja baada ya jingine: umevutwa kwa nguvu, halafu ukafungwa usitembee. Bega la namna hii linadhurika kwa kulazimishwa, na linadhurika kwa kulazwa.

Kwa kuwa wewe ni fundi, nikueleze kwa kitambaa. Ukikata gauni ukabana kwapa, mteja akisimama mikono chini linamkaa vizuri kabisa, hata atakusifu. Siku anapanda haisi, anainua mkono kushika bomba, gauni zima linapanda naye mpaka magotini. Kwa nini? Kwa sababu pale kwapani hukuacha nafasi. Sasa, kiungo cha bega nacho kimevikwa mfuko wa utando imara, unaokizunguka kichwa cha mfupa wa mkono na kukishikiza kwenye bapa la mgongoni. Upande wa chini, kwapani, mfuko huo umekunjwa kama rinda. Mkono ukiwa chini rinda limelala. Ukiinua, linafunguka, mkono unapanda hadi sikioni bila kuvuta kitu.

Bega linapoganda, mfuko huo kwanza unawaka kwa ndani, ukawa mwekundu na wenye hasira. Hicho ndicho kipindi cha maumivu, hasa usiku. Kisha mwili unaleta nyuzi za kovu, mfuko unanenepa, unajikunyata, na rinda lile la kwapani linajishona lenyewe. Bega lenye afya huweza kupokea kiasi cha mililita 20 hadi 30 za maji ndani ya mfuko wake; lililoganda mara nyingi halifiki 10. Simama mbele ya kioo cha wateja pale dukani, inua mikono yote miwili kwa pamoja, uangalie. Mkono wa kulia utapanda peke yake. Wa kushoto utafika mahali ukwame, halafu bega zima litapanda kuelekea sikio. Ni lile gauni lililobana kwapa.

Kisukari kinaingiaje hapa? Sukari ikikaa juu kwenye damu kwa muda mrefu hujinatisha kwenye kolajeni, ambazo ndizo nyuzi zinazotengeneza mifuko ya viungo, kano na hata ngozi. Nyuzi zilizotakiwa kuteleza zinakuwa kama uzi uliopakwa gundi ukakauka. Kwa watu wote kwa jumla, bega kuganda hutajwa kuwapata 2 hadi 5 kati ya 100. Kwa wenye kisukari kiwango hicho ni kikubwa mara kadhaa, na bega lao huchelewa zaidi kuachia. Jaribu kitu kimoja sasa hivi: unganisha viganja vyako kama anayesali, vidole kwa vidole. Kama viganja havigusani bapa, ukabaki uwazi katikati ya vidole, basi nyuzi za mikono yako nazo zimeanza kukaza, na hilo ni la kumwambia anayekuhudumia kliniki ya kisukari. Hukutaja sukari yako inasoma ngapi. Ningependa kuijua kabla ya kujua jambo lingine lolote. Wenye matatizo ya tezi ya shingo nao hupatwa zaidi, kwa hiyo kama una uvimbe shingoni, unachoka kuliko kawaida au uzito unabadilika bila sababu, omba wapime na hiyo.

Sasa tuhakiki. Kaa kwenye stuli, bana viwiko vyote viwili ubavuni, mikono ya mbele ikitazama mbele kama unayetaka kupokea sinia. Fungua mikono kwenda nje, kama geti la milango miwili, viwiko visitoke ubavuni. Bega lililoganda hupoteza mwendo huu kabla ya mwingine wowote: mlango wa kulia utafunguka, wa kushoto utagoma. Kisha mwite binti yako. Legeza mkono wa kushoto kabisa, kana kwamba si wako, naye akushike kiwikoni na chini ya kifundo aufungue taratibu vilevile, na baadaye auinue mbele. Asisukume. Aishie pale anapohisi umekwama.

Kipimo hicho cha binti kinabeba majibu mengi. Kama naye amekwama palepale ulipokwama wewe, kizuizi kiko kwenye mfuko wenyewe, kwa sababu hata mkono wa mtu mwingine hauwezi kukipita. Kama wewe umeshindwa ila yeye ameupandisha bila shida, basi mfuko uko huru na tatizo ni kano za misuli minne inayokizunguka kichwa cha bega, pengine imechanika, au ni mshipa wa fahamu. Nawaona hao pia, mara nyingi ni walioanguka na bodaboda, au vijana wa kubeba mizigo mlimani. Njia yao ya tiba ni nyingine kabisa, usichukue ushauri wa hapa ukawapa.

Na hapo ndipo mama mkwe anapopata jibu lake. Mkono wa aliyepooza hauna nguvu, lakini mtu mwingine akiuinua unapanda. Wako una nguvu, unakata kitambaa, unashika chupa, umefungiwa tu. Tena kiharusi huja ghafla, uso ukipinda upande, maneno yakivurugika, mguu nao ukilegea. Hakiji kidogo kidogo kwa miezi sita kikakaa begani peke yake. Mwambie nimemshukuru kwa kukuangalia, kwa sababu kwa mwenye kisukari hofu hiyo si ya kupuuza, ila safari hii si hicho.

Gauti nayo ni ugonjwa wa kweli, ila tabia yake ni kuvamia kiungo usiku mmoja, mara nyingi kidole gumba cha mguu, kikavimba, kikawa chekundu na cha moto hata shuka lisikiguse. Begani ni nadra. Kwa hiyo rudi kwenye maharage yako. Kwa kisukari chako ni chakula kizuri kuliko ugali mtupu. Kuhusu baridi, najua mwezi wa saba Moshi mlima ukijifunika wiki nzima viungo vyote vinalalamika. Baridi hukufanya uhisi ugumu zaidi, lakini haishoni rinda. Bega lako lilianza mwezi wa tano, kabla ya baridi yenyewe.

Ugonjwa huu una vipindi vitatu, na kujua uko kipi kunabadilisha kila kitu kuhusu tiba. Kwanza maumivu yanatawala na mwendo unapungua. Hicho huchukua kati ya miezi 2 na 9. Kisha maumivu yanashuka lakini bega limekaza. Miezi 4 hadi 12. Halafu linaanza kuachia, taratibu sana, miezi 5 hadi 24 au zaidi. Jumla ni mwaka mmoja hadi mitatu. Wewe, kwa maelezo yako, unatoka kipindi cha kwanza unaingia cha pili. Sitakudanganya kwamba utapona kabla ya mwezi wa kwanza. Nitakuambia pia kwamba wengi hurudi kwenye kazi zao zote, bega lilelile likishapona mara chache huganda tena, ingawa kwa baadhi ya watu hufuata la upande wa pili. Wapo wanaobaki na ugumu kidogo, wakashindwa kwa mfano kujikuna katikati ya mgongo, na wenye kisukari wamo zaidi katika hao.

Tiba ya kwanza ni usingizi. Lala chali au upande wa kulia, mto mmoja uukumbatie mbele ya kifua ili mkono wa kushoto ulale juu yake usining'inie. Ukilala chali, kunja kanga uiweke chini ya kiwiko cha kushoto. Utashangaa kitu kidogo kama hicho kinavyosaidia. Parasetamoli ya miligramu 500, vidonge viwili kabla ya kulala, ni salama kwa watu wengi wasio na ugonjwa wa ini, mradi usizidishe vidonge 8 kwa saa 24. Diklofenaki na ndugu zake zinatuliza, ni kweli, ila kwa mwenye kisukari zinagusa figo, na kama una presha zinaipandisha, tena zinaumiza tumbo. Usichomwe tena dukani bila mtu aliyepima figo na presha yako. Na kwa moyo wote nakuomba ukae mbali na vidonge visivyo na jina na unga wa "dawa ya mifupa". Baadhi huwa zimechanganywa steroidi, dawa kali za kuzima uvimbe na maumivu. Mtu anapata nafuu ya ajabu kwa siku tatu, huku sukari inapaa bila yeye kujua.

Tiba ya pili ni mwendo wa upole kila siku. Ile kanga ifungue leo. Kuna utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2004, wagonjwa 77, kundi moja lilifanyishwa mazoezi makali ya kuvuka maumivu, jingine likaelezwa ugonjwa na kufanya mwendo ndani ya uwezo wake tu. Baada ya miaka miwili hao wa upole ndio walikuwa na mabega bora. Huwa naukumbuka kila mtu anapoingia chumbani kwangu akitaka "nimvute mpaka kitoke". Mfuko uliowaka ukiuvuta kwa nguvu unawaka upya, na kovu linaongezwa juu ya kovu. Wiki ile uliyokosa usingizi baada ya kuchuliwa ilikuwa ni hilo. Simlaumu yule mama, kukanda misuli ya shingo na mgongo kwa mafuta ya uvuguvugu kunafariji na sina ugomvi nako. Kuvuta kiungo ndiko kusirudiwe.

Kwako nimechagua mazoezi matatu, na vifaa vyote unavyo dukani. Inama mbele, mkono wa kulia ukiegemea meza ya kukatia, wa kushoto uning'inie kama pasi iliyoshikwa mpini. Yumbisha mwili, mkono ufuate wenyewe, mbele na nyuma, kisha duara dogo, dakika moja au mbili. La pili, chukua ile rula ndefu ya mbao ya meta moja, ishike kwa mikono miwili mbele yako, viwiko ubavuni, mkono wa kulia uisukume rula ili wa kushoto ufunguke nje kama lile geti. Ukifika unapovutika vizuri, tulia ukihesabu hadi 15, rudi, mara 5. Hili ndilo la maana kuliko yote, ukichoka mengine usiliache hili. La tatu, simama karibu na ukuta, vidole vya kushoto vitembee kupanda kama buibui mpaka vinapokwama, weka alama ya chaki ya kushonea hapo. Fanya yote mara tatu kwa siku, ukianza na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyoviringishwa kanga juu ya bega kwa dakika 10. Ya uvuguvugu, si ya moto: kisukari kinaweza kuwa kimepunguza hisia za ngozi yako, na nimeshaona malengelenge yaliyotokana na chupa hizo.

Kipimo cha kiasi ni hiki. Kuvutika kunakoisha ndani ya nusu saa ni sawa. Maumivu yakikufuata hadi kitandani, kesho yake punguza nusu. Alama ya chaki usiitazame kila siku. Itazame mwisho wa mwezi.

Sasa hiyo sindano. Inayozungumzwa ni steroidi inayochomwa ndani ya mfuko wa bega, na ni tofauti kabisa na zile za makalioni ulizochomwa dukani. Inatuliza ule moto, na faida yake kubwa huonekana ikitolewa mapema, maumivu yakiwa bado yanatawala. Kuyeyusha mfupa kwa sindano moja, au mbili zilizoachanishwa kwa miezi, hapana. Maneno hayo yana chanzo, kwani steroidi nyingi za kumeza kwa muda mrefu kweli hudhoofisha mifupa, na kuchoma kiungo kimoja mara kwa mara huharibu kano na gegedu. Kwako kikwazo halisi ni sukari: baada ya sindano hupanda, siku chache, pengine hadi wiki. Ningekushauri hivi: kama baada ya wiki nne za mito, parasetamoli na mwendo bado unaamka kila usiku, na sukari yako imekaa vizuri, zungumza na daktari wa mifupa kuhusu sindano moja, na upime sukari kila siku wiki hiyo. Kama usingizi umerudi na kilichobaki ni ugumu, sindano itakuongezea kidogo tu, mimi nisingeihangaikia.

Zaidi ya hapo kuna kulazwa usingizi bega likakunjuliwa na daktari, au kukatwa mfuko kwa kamera kupitia matundu madogo. Uingereza waliwalinganisha wagonjwa 503, matokeo yakatoka mwaka 2020: fiziotherapia pamoja na sindano, kukunjuliwa kwenye usingizi, na upasuaji wa kamera. Baada ya mwaka hakuna njia iliyozishinda nyingine kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo kama mtu atakuambia upasuaji ndiyo dawa ya bega lako la miezi sita, muulize kwa nini asianze na la gharama ndogo. Upasuaji una nafasi yake kwa bega lililokataa kusogea baada ya miezi mingi ya kujitahidi.

MRI weka pesa zake kwenye vipimo vya sukari. Bega lililoganda linatambuliwa kwa mikono, ile milango miwili ya geti. Unachohitaji ni eksirei moja ya kawaida, kwa sababu kuna mambo mawili yanayoweza kulifunga bega namna hiyohiyo: kiungo kilichosagika, na bega lililoteguka kwenda nyuma bila kugundulika, ambalo hutokea baada ya degedege, kupigwa na umeme au ajali. Katika bega lililoganda eksirei hutoka safi. Watu hukata tamaa wakiambiwa "picha haina kitu". Hapo picha imetupa habari njema.

Kiwiko cha kulia nacho kina hadithi yake, na nadhani kimebeba kazi za mkono wa kushoto. Bonyeza kile kifundo cha mfupa cha upande wa nje wa kiwiko. Kama ndipo penyewe panapouma, na panauma zaidi ukishika kitu kiganja kikitazama chini, kama mpini wa pasi, birika, au kukamua kanga, basi ni kano inayoanzia hapo, ya misuli inayoinua kifundo cha mkono. Pasi ya mkaa ni nzito, na kila unapoinyanyua kano hiyo ndiyo inayoizuia isianguke. Iburuze zaidi kuliko kuinyanyua, iwekee kigae kiwe usawa wa kitambaa. Mkasi wa kukatia unolewe. Kisha laza mkono mezani, kifundo kikiwa nje ya ukingo, shika chupa ya nusu lita yenye maji, inua kwa kusaidiwa na mkono wa pili, shusha polepole ukihesabu hadi 5. Mara 10, pumzika, mara mbili tena, kila siku, kwa wiki 8 hadi 12. Wengi hupona ndani ya mwaka hata bila makubwa.

Ila hapa kwenye kiwiko sindano ya steroidi ikatae. Najua inachanganya, nimetoka kuisema vizuri kwa bega. Kwenye bega inazima mfuko uliowaka. Kwenye kiwiko kano imechakaa, haijawaka, na dawa hiyo inapunguza maumivu leo huku ikichelewesha uponyaji. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2006 ulionyesha hivyo: wiki ya 6 waliochomwa walikuwa na nafuu kubwa, kisha wengi wakarudiwa, na mwisho wa mwaka walikuwa nyuma ya waliofanyiwa fiziotherapia.

Kuna hali ambazo nikizisikia ningekuambia uache kusoma uondoke sasa hivi kwenda hospitali. Bega la kushoto linalouma ukipanda mlima au ngazi na kutulia ukipumzika, kifua kikibana, jasho jembamba, pumzi fupi, huku kulizungusha bega lenyewe hakubadilishi maumivu: hiyo ni njia ya moyo, na mwenye kisukari asisubiri kukuche. Bega lililovimba, la moto, pamoja na homa. Uso kupinda au maneno kuvurugika ghafla. Na yapo ya kutokimbilia usiku lakini yasipitishe wiki: kupungua uzito, homa za jioni na jasho la usiku, kwa sababu kifua kikuu hukaa hata kwenye viungo; uvimbe kwenye titi au kwapani, au mkono mzima kujaa; ganzi inayoshuka kutoka shingoni hadi vidoleni; kikohozi kisichoisha pamoja na bega kuuma.

Kama hakuna hata kimoja, anza na kliniki yako ya kisukari, uombe kipimo cha sukari cha miezi mitatu na cha figo. Kisha Mawenzi, kwa kuwa ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa na iko mjini kwenu, uombe eksirei ya bega na uandikiwe fiziotherapia. Ikibidi daktari wa mifupa au sindano, watakupa rufaa kwenda KCMC, hospitali ya kanda iliyo hapohapo Moshi, ambako fiziotherapia imefundishwa miaka mingi na wataalamu wengi wa ukanda huu, hata huku Arusha, wametokea huko. Nenda na daftari lako la sukari na orodha ya dawa zote, pamoja na zile ambazo huzitaji kwa daktari. Vaa blauzi ya vifungo mbele. Ukivaa, mkono wa kushoto uingie kwanza; ukivua, utoke mwisho.

Cherehani usifunge. Kukanyaga na kuongoza kitambaa mikono ikiwa usawa wa kiwiko ni mwendo mzuri kwa bega lako, ni bora mara mia kuliko kukaa na kanga shingoni. Henga za juu zishushwe, ziwe usawa wa kifua. Kila nusu saa simama, inama pale mezani, yumbisha mkono. Kuhusu sare za mwezi wa kwanza, pokea oda kwa hesabu ya mikono uliyo nayo sasa, na tafuta kijana au huyo binti yako akate na apige pasi, wewe ushone. Kukata na pasi ndiko kunakomaliza kiwiko. Mwisho wa mwezi niandikie, uniambie mambo mawili: sukari inasoma ngapi, na alama ya chaki ukutani imepanda vidole vingapi.